Kati ya Usahaulifu na Masimango

Taifa lililosaidiwa na jeshi la kigeni katika ukombozi wake lina kazi ngumu ya kukumbuka. Likisahau, laitwa mtovu wa fadhila. Likikumbuka mno, laonekana kana kwamba halikujikomboa. Naye aliyesaidia ana mtihani wake: wema hauozi, walakini huharibika ukigeuzwa masimango.

Hapa Kigali, tarehe 4 Julai 2009, Rwanda ilipoadhimisha miaka 15 ya ukombozi wake, ilitoa nishani mbili, Uruti na Umurinzi, kwa Yoweri Museveni wa Uganda, Meles Zenawi wa Ethiopia, na marehemu Julius Nyerere wa Tanzania. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji mkalimani. Umurinzi ni mlinzi; uruti ni ndugu ya uti wetu, uwe wa mkuki au wa mgongo. Majina haya yamechaguliwa kwa busara, kwani mlinzi hata asifiwe vipi hawi mwenye nyumba. Kasoro ya nishani za namna hii ni kwamba humfikia kiongozi tu, wala si askari wake. Kasoro hiyo yaonekana zaidi tukitazama vita vya Kagera.

Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwezi wa Oktoba 1978. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliotoka uhamishoni, yaliiteka Kampala. Hata hivyo, sikukuu ya ukombozi nchini Uganda ni 26 Januari, kukumbuka ushindi wa NRM mwaka 1986. 11 Aprili si sikukuu. Makaburi ya mashujaa wa Kitanzania yako Kaboya, wilayani Muleba, upande wa kwao wa mpaka.

Je, Uganda imesahau? Kalenda yaweza kutudanganya, lakini lugha yakanusha. Wananchi waliwaita askari wale bakombozi, neno la Kiswahili walilolivika kiambishi chao, na makombora yao wakayaita saba saba. Ajabu ni kwamba Kiswahili hicho hicho kilikuwa kikiogopwa kuwa lugha ya askari wa Amin. Wala tusilisafishe mno neno hilo tunapolieleza: siku zile zile za furaha, maduka ya Kampala yaliporwa. Nishani hung'arishwa, neno hubaki na vumbi lake, na kwa hiyo ni shahidi mwaminifu zaidi.

Walimu wenzangu, Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na neno ukombozi halikosekani darasani. Tusiwaachie wanafunzi walikariri tu. Tuwakumbushe habari ya rehani: kukomboa ni kulipa ili kitu kimrudie mwenyewe. Aliyekomboa amelipa, jambo hilo lisisahauliwe. Na kilichokombolewa kimerudi kwa mwenyewe, jambo hilo lisifanyiwe masimango.