Keria ya Skuta Hukaguliwa Mbele ya Gari

Juzi, katika kambi moja ya wasafiri karibu na Iringa, niliwakuta watu wamelizunguka gari-nyumba lililobeba skuta nyuma. Keria ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, imeng'arishwa hadi uso wako unauona. Mikanda minne myekundu, taa ndogondogo zimepangwa ukingoni, ngazi ya kupandishia skuta inakunjwa na kujificha chini ya bampa. Mwenye gari alikuwa akitaja bei, na waliokuwa wakimsikiliza walitikisa vichwa kwa kustaajabu. Hata madereva wawili wa utalii, watu wanaokula kwa magari, walikuwa wakipiga picha. Mimi nilizunguka hadi mbele ya gari, nikayatazama matairi ya mbele, nikaenda zangu. Kazi ile ilikuwa mbovu. Sisemi ilikuwa na kasoro ndogo ya kusamehewa. Ilikuwa mbovu pale ambapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na kati ya wote waliosifu hakuna aliyekuwa amefika mbele kutazama.

Limeniudhi, kwa sababu sifa za namna hii zinaua ufundi. Wasafiri wanaoshuka na magari haya kutoka Ulaya, au wanaopanda nayo kutoka Afrika Kusini, wana sababu ya maana ya kubeba skuta: gari la mita saba ukishaliegesha, ukatandaza turubai la kivuli na kutoa meza nje, hulitoi tena kwenda kununua nyanya sokoni. Siku hizi hata kwetu wapo wanaong'oa viti vya Costa na kuweka kitanda na jiko, na wengi wao, baada ya safari mbili tatu, humwendea fundi kuomba keria. Wateja wameongezeka, mafundi wameongezeka, na anayesifiwa ni yule anayejua kung'arisha.

Asiyejua hukagua nyuma. Huishika skuta na kuitikisa, huvuta mkanda usikike unavyolia, hugonga chuma kwa kifundo cha kidole, kisha hurudi hatua tano kuona kama tako la gari limeshuka. Akiliona halikushuka, hutoa hela. Ni hapo anapopotea, maana tako la gari husema uongo kirahisi sana. Pua haiwezi.

Fanya hesabu. Skuta ya cc 125 yenye kilo 120, keria ya kilo 40, jumla kilo 160. Gari lina mita 4 kutoka ekseli hadi ekseli, na skuta imekaa mita 2.4 nyuma ya ekseli ya nyuma. Mwenye gari anaamini ameongeza kilo 160 nyuma. Hapana: ekseli ya nyuma imeongezewa kilo 256. Hizo 96 za ziada zimetoka mbele. Ukipakia jahazi tezini, omo hupanda, na nahodha wa jahazi hilo hahitaji kuambiwa kwamba usukani wake umebadilika. Dereva wa gari-nyumba haambiwi na mtu, na yuko juu ya lami.

Sasa kumbuka gari lenyewe ni lipi. Magari-nyumba mengi ya Ulaya yamejengwa juu ya Fiat Ducato, inayoundwa Atessa, Italia, tangu 1981, na Ducato huvutwa na matairi ya mbele. Matairi hayo mawili ndiyo yanayovuta, ndiyo yanayokata kona, ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya breki. Ukiyanyang'anya kilo 96 umeyapunguzia mshiko katika kazi zote tatu kwa mpigo. Kwenye tambarare ya Dodoma dereva hataona kitu. Apande Kitonga mvua imenyesha, kwenye zile kona ambazo mlima wenyewe unazidi kusukuma uzito nyuma, ndipo atakaposikia matairi yakizunguka bila kuvuta, lori likiwa limemkalia mgongoni. Costa husukumwa na matairi ya nyuma, kwa hiyo kwenye kupanda husamehe. Kwenye usukani haisamehe, wala usiku, kwa kuwa pua ikiinuka taa nazo zinainuka na kuwachoma macho wanaokuja mbele.

Kwa hiyo chuchumaa mbele. Tazama pengo kati ya tairi na madigadi. Springi ya mbele hujibu uzito ulio juu yake na si kingine: ukipunguzwa, hunyooka, pengo linapanuka. Pengo hilo ndilo cheti cha kazi.

Mzee aliyenionyesha hili alikuwa na karakana Gerezani, Dar es Salaam, enzi ambazo kazi ya keria ilikuwa ya magari ya wamisionari na wachimba visima, na kilichobebwa kilikuwa pikipiki ya kwenda kuita msaada gari likikwama. Hakuwasha mashine ya kuchomelea kabla ya kulisimamisha gari juu ya sakafu ya saruji aliyoipima kwa maji. Tangi la mafuta lijae, tangi la maji lijae, mwenye gari akae kwenye usukani, na mkewe, au yeyote atakayesafiri naye, akae pembeni yake. Alikuwa akipima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, na kuandika kwa chaki upande wa ndani wa mlango. Baada ya kazi kumalizika na pikipiki kufungwa, alipima tena, watu walewale wakiwa wamekaa palepale. Tofauti isizidi upana wa kidole chake cha mwisho. Ikizidi, alianza kuhamisha: betri ya pili iende chini ya kiti cha mbele, sanduku la vifaa litoke nyuma, madumu ya maji yasogezwe. Ikizidi bado, alimwambia mteja achukue pikipiki ndogo zaidi, na aliyekataa alirudishiwa fedha zake. Nimemwona akimrudishia mtu aliyekuja na gari jipya na kiburi kipya. Upana wa kidole ndicho kipimo hadi leo, na sijaona sababu ya kukibadilisha.

Walaghai wanalijua jambo hili vizuri kuliko wateja. Wepesi kati yao hufunga mifuko ya hewa kati ya chesisi na ekseli ya nyuma, wakaijaza upepo, na tako likapanda hadi gari linaonekana limenyooka kabisa. Mifuko hiyo ina kazi yake halali. Lakini haihamishi hata kilo moja kurudi mbele: zile 96 bado zimeondoka, na pengo la mbele bado limepanuka. Ndiyo maana nasema tako husema uongo. Wajanja zaidi huishughulikia pua yenyewe. Mmoja, sitataja mji wake, alikuwa na desturi ya kuwaketisha vijana wake wawili ndani ya gari mbele, milango imefungwa, eti wanakagua nyaya za taa, wakati mteja yuko nje anakagua. Vijana wawili wazima ni zaidi ya kilo 120 mahali hasa zinapohitajika. Mteja alipolipa na kuondoka, walishuka. Kwa hiyo kabla ya kuchuchumaa, fungua mlango wa mbele uone nani amekaa.

Anayetaka uhakika kuliko kidole na apime kwenye mizani. Mizani yetu ya barabarani, kama ya Vigwaza au Makambako, husoma ekseli moja moja, na tarakimu ya ekseli ya mbele ndiyo ya kuandika kwanza. Wenye magari ya Ulaya wana shida nyingine juu ya hiyo: mengi yamesajiliwa kwa kilo 3,500 kamili, kwa sababu kwa miaka mingi leseni ya kawaida ya daraja B imeishia hapo. Gari likishajazwa maji, gesi, vyakula na vyombo, mara nyingi halina hata hizo kilo 160 za kutoa. Skuta inapakiwa juu ya nafasi iliyokwisha kuliwa.

Keria ishike chesisi. Hili nililidhani limeeleweka hadi nilipoona skuta imefungwa kwenye keria ya baiskeli iliyopigwa boliti ukutani. Ukuta wa gari-nyumba ni povu lililobanwa kati ya mabati mawili membamba, na keria hizo za ukutani huandikwa uwezo wa kilo 50 au 60. Boliti zote ziwe na 8.8 kichwani. Kuna wanaozisaga vichwa na kuzipaka rangi nene ili alama isitafutwe. Boliti iliyopakwa rangi kichwani ikwangue, na fundi akikasirika umekwisha kumjua. Na rangi ya keria ni nyeusi. Keria inayong'aa haijapata kuwa kazi nzuri.

Kwenye kufunga, mkono wa fundi unasomeka waziwazi. Mkanda haushiki ncha za usukani; unashika chini, kwenye shingo, kwa kitanzi laini kisichokwaruza, halafu unashuka ukitanuka kwenda pembeni. Shokapu za mbele zishuke nusu. Zikiachwa juu, kwenye tuta la kwanza skuta inadidimia, mkanda unalegea kwa nukta moja, na nukta hiyo inatosha ndoano kuchomoka. Zikikandamizwa hadi mwisho, sili zake zinapasuka na mafuta yanachuruzika kabla hujafika Morogoro. Anayetaka kujua kama imefungwa vizuri aweke kiganja juu ya kiti na kusukuma: skuta na gari vinapaswa kushuka pamoja. Stendi ikunjwe. Skuta iliyosimamishwa kwa stendi yake juu ya keria inasimamia vyuma viwili vyembamba, na pale Mikumi, ambapo barabara inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50 za matuta na tena matuta, vyuma hivyo hupinda au hutoboa sakafu ya keria.

Lebo ya mkanda ni buluu. Buluu ni poliesta, kijani ni nailoni, kahawia ni polipropilini. Nailoni huvutika ikilowa, na polipropilini sitaki hata kuisikia. Lebo isiyotaja nguvu ya mkanda kwa daN, au iliyokatwa, inatosha kuukataa. Mikia ya mikanda isukwe na kufungwa, isiachwe ikipeperuka. Anayeiacha ipeperuke ameacha na mengine ambayo hujayaona. Turubai la kufunika skuta lisiwepo kabisa. Hudaka upepo, husugua rangi, na huficha mikanda isionekane na dereva wa nyuma ambaye angekupigia honi ikilegea.

Kichwa cha skuta kielekee kushoto mwa gari. Kwa Vespa za zamani sababu ni ya wazi. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyeichorea Piaggio Vespa ya 1946, aliiweka injini upande wa kulia wa gurudumu la nyuma, na tangu hapo Vespa hizo zimekuwa nzito upande huo. Kichwa kikielekea kushoto, upande mzito unalala karibu na mgongo wa gari, karibu na ekseli, na mkanda wa upande ule ndio wa kukazwa mwanzo. Skuta nyingine zina mizani tofauti, lakini kichwa ni kushoto vilevile. Bomba la moshi lipoe kabla ya kupakia, maana litakuwa linautazama ukuta.

Nani anayefunga hivyo leo? Zanzibar, Vespa zilipokuwa zikivushwa kwa vyombo vya mbao, wapakiaji pale Malindi walikuwa wakizifunga kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo, bila ndoano wala kikazio. Katani ikilowa hukaza yenyewe, nao walijua waache ulegevu kiasi gani ili mawimbi yaje yamalizie kazi. Walikuwa wakiusikiliza mwili wa Vespa kwa nyonga, wamejiegemeza juu yake, mikono ikipiga fundo. Sikuona rangi iliyochunika. Leo kijana ana kikazio cha chuma chenye meno, anakivuta hadi usukani unalia, na anaamini kilio hicho ni uimara.

Taa za nyuma na namba za gari zikizibwa na skuta zirudiwe juu ya keria. Hilo trafiki atakufundisha. Anayevuka kwenda Hispania au Italia atahitaji kibao cha sentimita 50 kwa 50 chenye mistari myekundu na myeupe, na kila nchi kati ya hizo mbili ina mistari yake, kwa hiyo cha huku hakitoshi kule.

Baada ya kazi, gari litoke barabarani likiwa limebeba, fundi akiwa ndani. Mikanda mipya hukaa sawa baada ya mwendo wa kwanza, boliti nazo hujilaza, na kila kitu hukazwa upya mara moja. Mzee wa Gerezani alikuwa akienda na mteja hadi Kibaha, akishuka njiani mara mbili na spana mkononi, na kwenye tuta la mwisho alimwomba dereva alipite bila kupunguza mwendo sana, yeye akiwa amesimama pembeni ya barabara akiyatazama matairi ya mbele. Fundi anayekukabidhi ufunguo karakanani na kukuaga, mbakizie nusu ya fedha hadi akubali kupanda.