Mfuko uliokwisha zaa uyoga: una nini ndani?

Mkulima wa uyoga mamama akishachuma mkupuo wa tatu au wa nne, mfuko huwa umechoka. Wengi huutupa nyuma ya banda, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Nzi wadogo huzaliana humo, na vumbi la ukungu wa kijani hurudi bandani na kushika mifuko michanga ambayo haijatoa hata uyoga mmoja.

Pasua mfuko mmoja wa mabua uutazame. Yaliingia magumu, sasa yamepauka, yanavunjika kwa vidole, yameshonana kwa nyuzi nyeupe na yananukia udongo wa msituni. Kuvu ya uyoga ina vimeng'enya vinavyovunja lignini, ile sehemu ngumu ya mmea inayolishinda hata tumbo la ng'ombe. Kazi nzito imeshafanyika, na mkulima hakulipia kibarua.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitumia tabia hiyo kwenye mkonge. Nyuzi za mkonge ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Sehemu nyingine yote hubaki korona, yaani kwenye kiwanda cha kuchambua mkonge, kama taka. Mwaka 2008 Anthony Mshandete na J. Cuff walichapisha matokeo ya kuotesha aina tatu za uyoga wa asili juu ya taka hizo zilizoozeshwa. Mwaka uliofuata, Mutemi Muthangya, Mshandete na Amelia Kivaisi wakaonyesha kuwa taka za mkonge zilizotangulia kuliwa na kuvu hutoa gesi ya methani nyingi kuliko zisizoguswa. Kuvu ilifanywa meno, mtambo wa biogesi ukawa tumbo.

Lakini Mkuyuni, ambako makala haya yanalenga, si nchi ya mkonge. Ni upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, kwenye barabara ya Matombo: migomba, mihogo, mahindi, na mpunga mabondeni. Malighafi ya uyoga haikosekani. Kinachosumbua ni mteremko na mvua inayoshuka na udongo.

Sasa tupige hesabu, maana masalia haya ya mifuko husifiwa kupita kiasi. Yakiwa makavu, nitrojeni yake ni kama asilimia 1 hadi 2. Lakini mfuko hutoka bandani ukiwa umelowa, karibu theluthi mbili ni maji. Kilo 100 mbichi ni kilo 35 kavu. Kwa asilimia 1.5, nitrojeni iliyomo ni nusu kilo. Urea ina asilimia 46, kwa hiyo mzigo wote huo ni sawa na kilo moja na kidogo ya urea. Anayekuuzia masalia kama mbadala wa urea anakuuzia maji. Faida yake iko kwenye mabaki ya mimea yenyewe, yanayoufanya udongo ushikamane na kunywa mvua badala ya kuiachia iteremke. Kwa shamba la mlimani hilo si jambo dogo.

Yasimwagwe shambani mabichi, hasa yakiwa ya maranda. Maranda yana kaboni nyingi mno, na vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya mahindi nitrojeni. Utaona majani yanageuka njano. Ondoa plastiki kwanza, changanya na samadi ya mbuzi, rundika, geuza. Rundo likipanda joto la nyuzi 55 na zaidi, mabuu ya nzi na ukungu hufa. Ya mabua huiva kwa miezi miwili au mitatu. Ya maranda yanataka subira zaidi.

Wapo wanaojaza mifuko upya kwa masalia yaleyale. Inawezekana, ila lazima uongeze pumba na uichemshe tena kwenye pipa, na mavuno kwa kawaida hupungua. Kuni za kuchemshia zinatoka wapi? Kwa Uluguru, mimi siipendekezi njia hii. Kulisha mbuzi kunafaa kwa mifuko safi tu, kidogo kidogo. Yenye doa la kijani iende kwenye rundo.

Kwa hiyo unayejenga banda Mkuyuni, panga mahali pa rundo siku hiyohiyo: upande wa chini wa banda kwenye mteremko, mbali na mlango, upande wa juu wa migomba. Mboji iteremke, usiipandishe kwa kichwa.