Aniceti Kitereza na Wito wa Kazi ya Akili

Katika nchi ya Buhaya, tangu Izimbya hata Rubya, ambako Wakatoliki na Walutheri hukaa mlango kwa mlango, neno wito lina maana nyembamba. Ikisemwa kwamba kijana fulani ana wito, wasikiaji huelewa kuwa ataingia seminari au chuo cha wachungaji. Na msichana, kwamba ataingia nyumba ya masista. Basi aliyeingia seminari akatoka bila upadre, watu humhesabu kuwa wito wake umekatika. Makala haya yakusudia kuipinga hesabu hiyo, na shahidi wake ni mtu mmoja na kitabu kimoja.

Mtu huyo ni Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, Mkerewe aliyesomeshwa na Mapadre Weupe na kupelekwa seminari ya Rubya, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Muleba. Kikerewe na Kihaya ni lugha za ukoo mmoja, hivyo hakuwa mgeni kabisa katika masikio ya wenyeji. Lakini lugha aliyofundishwa kwa ukali zaidi ilikuwa Kilatini. Rubya hiyo hiyo ndiyo iliyomsomesha Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali, wa kwanza katika Waafrika weusi. Kitereza hakupewa daraja lolote. Alirudi Ukerewe, akaoa, akawa katekista na mfasiri, kisha, kwa kutiwa moyo na Padre Almas Simard, akaandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ambayo aliikamilisha mwaka 1945. Haikupata mchapaji. Baadaye aliitafsiri kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikaitoa kwa juzuu mbili: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Wahakiki wengi wamekiita kitabu hiki hazina ya mila za Wakerewe. Neno hilo ni la kweli, na mwandishi mwenyewe alikusudia kuhifadhi lugha na desturi za wazee wake. Hata hivyo halitoshi. Hazina huwekwa na yeyote mwenye sanduku. Bali kitabu hiki kimeandikwa na akili iliyofunzwa kutoruka hatua. Myombekere akitaka kumrudisha mkewe, ambaye wazazi wake wamemchukua kwa sababu ya matusi ya ukoo wa mume, atakiwa kuwapelekea wakwe pombe. Mwandishi mwingine angesema kwamba pombe ilipikwa, ikapelekwa. Kitereza atutembeza katika kazi nzima, hatua baada ya hatua, pamoja na jirani walioitwa kusaidia na maneno waliyoambiana. Msomaji mwenye haraka hukereka. Lakini mwisho wa kazi hiyo ajua, bila kuambiwa, mume huyu ampenda mkewe kiasi gani. Maana upendo umepimwa kwa jasho. Hapo nidhamu ya kueleza imegeuka kuwa maana ya hadithi.

Huenda msomaji Mkristo akauliza: mbona katekista huyu aandika habari za waganga, mizimu na matambiko, wala hahubiri? Jibu langu ni kwamba hapo ndipo Ukristo wake wa akili uonekanapo zaidi. Amri inayotukataza kumshuhudia jirani uongo haikuwaacha nje mababu waliokufa kabla ya ubatizo. Kuwasema jinsi walivyokuwa, bila kuwapaka matope ili dini mpya ing'ae, na bila kuwapamba ili fahari ya kabila itukuke, ni kazi ngumu kuliko mahubiri. Zaidi ya hayo, mwandishi alichagua habari iliyomgusa mwenyewe. Yeye na mkewe Anna hawakubakiwa na mtoto, na waliishi pamoja hivyo hivyo. Kiini cha riwaya ni mume na mke wasio na mtoto, wakisongwa na maneno ya jamaa, ambao hawakubali kuachana. Fundisho la ndoa limo humo lote, wala halikutajwa kwa jina.

Haki yataka dosari nayo itajwe. Nidhamu ni mbili: ya kukusanya na ya kuchagua. Katika ya kwanza Kitereza hana mwenzake. Katika ya pili mara nyingine hulegea. Zipo kurasa, hasa baada ya watoto kuzaliwa, ambamo hadithi yasimama kando kungoja maelezo ya desturi yapite, na wahusika wawa kama vijiti vya kuonyeshea. Aliyejiona wa mwisho kuyajua mambo hayo aliogopa kuacha lolote. Twaielewa hofu hiyo. Lakini kuielewa si kuiita sanaa.

Mwaka 1921 Mdominiko Mfaransa, A. G. Sertillanges, alitoa kitabu juu ya maisha ya akili, akiyaita wito, na kushauri kwamba saa mbili kwa siku, zikitunzwa kwa uaminifu, zaweza kumtosha mtu kuzaa matunda. Shauri hilo ni jema, ila lachukulia kwamba msomi ana maktaba, wenzake, na mchapaji mjini. Kitereza alikuwa kisiwani, na kati ya kumaliza kazi na kuiona njia ya uchapaji ilipita miaka 35. Kilichomtegemeza si tumaini la sifa. Aliiona kazi yenyewe kuwa wajibu, kama shamba ambalo mtu hulipalilia hata mwaka wa ukame.

Hapo ndipo jambo hili latuhusu sisi wa vyuo vikuu. Tumezoea kuandika ili tupandishwe cheo, na makala huisha umuhimu siku ile cheo kipatikanapo. Mwanafunzi anayetaka kujua kama ana wito asijiulize kwanza atapata nini, bali ajiulize kama angeendelea endapo hakuna wa kumchapa. Na atakaye mahali pa kuanzia, kazi ipo. Gabriel Ruhumbika, mwenyeji wa Ukerewe, aliifasiri riwaya hii kwa Kiingereza kutoka Kikerewe chenyewe, tafsiri iliyotoka mwaka 2002. Ajifunze Kikerewe, aweke asili na Kiswahili cha mwandishi bega kwa bega, aone lipi lilipotea na lipi liliongezeka. Itamchukua miaka, na huo utakuwa mtihani wa kwanza wa wito wake.