Dream Theater: Waliacha Chuo, Darasa Halikuwaacha

Nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa pili, binamu yangu alinitumia kwa WhatsApp ile picha mnayoijua: nyuso za mabilionea walioacha masomo, na maneno ya kutia moyo chini yake. Mathe alikuwa jikoni akikatakata sukuma, haongei. Karo ya semista mbili haikuwa imelipwa, na mimi nilikuwa nishaambia watu kwamba nimeamua kuwa mwandishi. Ukweli ni kwamba sikuamua kitu. Nilishindwa kulipa, halafu nikaita kushindwa huko uamuzi.

Wiki hiyo niliskiza Dream Theater kila usiku, bando likikubali. Niliwachagua kwa sababu moja ya kitoto: nao waliacha chuo. Miaka imesonga, bado nawaskiza, ila ile sababu imenigeuka.

Stori yao ni hivi. Mwaka wa 1985, vijana watatu kutoka Long Island, New York, walijikuta Berklee, chuo cha muziki kilichoko Boston. John Petrucci wa gitaa na John Myung wa besi walikuwa marafiki tangu utotoni. Mike Portnoy wa dramu walimpata hapo hapo chuoni. Wakaunda bendi, wakaiita Majesty, wakamleta Kevin Moore kwenye kinanda, na wote wakaacha masomo. Walirudi nyumbani wakafanya vibarua na kufundisha watu muziki, na muda uliobaki ukawa wa mazoezi. Jina la Majesty likaleta shida kwa sababu lilikuwa na wenyewe tayari. Babake Portnoy ndiye aliyependekeza Dream Theater, jina la ukumbi wa sinema huko California.

Albamu ya kwanza, When Dream and Day Unite ya 1989, haikuenda mbali. Mwimbaji wao Charlie Dominici akaondoka, na bendi ikakaa bila sauti hadi 1991 ilipofika kanda ya Mkanada mmoja, James LaBrie. Mwaka uliofuata wakatoa Images and Words. Ndani yake mlikuwa na "Pull Me Under", wimbo wa zaidi ya dakika nane ambao kwa namna fulani ulipenya redio za Marekani na MTV. Unakatika ghafla mwishoni, bila kuaga. Mara ya kwanza kuuskiza nilidhani bando limeisha.

Wimbo huo ndio ulikuwa wa kwanza na wa mwisho wao kuvuma hivyo, na wanalijua hilo. Mwaka wa 2008 walipotoa mkusanyo wa nyimbo zao, waliuita Greatest Hit, kwa umoja, halafu wakaongeza kwa utani kwamba kuna nyingine 21 ambazo si mbaya. Nawapenda kwa utani huo kuliko kwa solo nyingi za Petrucci.

Sasa kuhusu muziki wenyewe. Watu wasiopenda metali ya progresivu husema ni hesabu iliyovaa jinzi nyeusi, na wana hoja. Chukua "The Dance of Eternity", kwenye albamu ya Metropolis Pt. 2: Scenes from a Memory ya 1999. Kwa dakika sita tu mapigo hubadilika zaidi ya mara 100. Ukijaribu kutikisa kichwa, shingo itakushtaki. Ni mtihani, na wanaoufanya wanataka uone karatasi yao.

Lakini albamu hiyo hiyo inabeba stori ya binadamu: Nicholas, anayepelekwa usingizini na mtaalamu na kugundua kwamba aliwahi kuishi kama Victoria, msichana aliyeuawa mwaka wa 1928. Ufundi wote ule unamtumikia Victoria. Tena waliitengeneza wakiwa wamebanwa. Albamu ya kabla yake, Falling into Infinity ya 1997, ilivutwa huku na kampuni iliyotaka nyimbo za redio, kule na bendi isiyotaka, na Portnoy alikaribia kuacha. Safari hii waliachiwa wafanye watakavyo. Jordan Rudess, aliyeanza kusomea piano Juilliard akiwa na miaka 9 na baadaye akawakaidi wazazi na walimu kwa ajili ya sinthesaiza, alikuwa ndiyo kwanza ameingia. Kwangu hii ndiyo kazi yao bora, kwa sababu hapo wanakumbuka kwamba kuna mtu anaskiza.

Halafu mwaka wa 2010 Portnoy akaondoka. Alitaka bendi ipumzike, wenzake wakakataa. Alipobadili mawazo na kuomba kurudi, nafasi yake ilikuwa imejazwa. Angalia jinsi walivyoijaza: waliita wapiga dramu saba, wakawafanyia usaili mbele ya kamera, wakamchagua Mike Mangini. Na Mangini alikuwa nani? Mwalimu wa Berklee. Waliokimbia darasa wakaitisha mtihani, wakamwajiri mwalimu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hawa wasee hawakuwahi kuacha shule. Waliacha jengo. Ratiba, mazoezi ya saa nyingi, kusahihishana, woga wa kukosea, vyote waliondoka navyo. Nguvu yao inatoka huko, na ugonjwa wao pia.

Miaka ya Mangini ndiyo inayoonyesha ugonjwa. Jamaa ni mashine, amewahi kushikilia rekodi za kasi ya kupiga dramu, na hakosei. Lakini niskize The Astonishing ya 2016, nyimbo 34, zaidi ya saa mbili za muziki, na baada ya saa ya kwanza naanza kuangalia simu. Kila kitu ni safi na hakuna anayetoka jasho. Ajabu ni kwamba Grammy yao ya kwanza, ya "The Alien", waliipata 2022 Mangini akiwa kwenye kiti. Kwa hivyo sisemi aliwaharibu. Nasema bendi yenye wanafunzi bora wanne haikuhitaji wa tano. Ilihitaji mtu wa kugonga meza.

Oktoba 2023 walitangaza kwamba Portnoy amerudi. Petrucci alikuwa ameshampa dramu kwenye albamu yake binafsi ya 2020, kwa hivyo mlango ulikuwa wazi kiasi. Parasomnia, ya Februari 2025, inahusu usingizi wenye matatizo: kutembea ukiwa umelala, jinamizi, kivuli chumbani. Haina jipya kubwa, na kuna mahali wanajinukuu wenyewe kama mzee anayerudia hadithi. Lakini dramu zinapumua tena. Unaskia watu walio ndani ya chumba kimoja, wenye miaka arobaini ya kujuana na kumi na tatu ya kununiana.

Mwezi uliopita kijana wa jirani aliniuliza kama aache chuo afuate muziki, kwa sababu yeye pia anajua stori ya Berklee. Ilikuwa rahisi kumtumia ile picha ya binamu. Lakini mimi najua nilivyokaa mwaka mzima baada ya kuacha, nikiwaambia watu naandika huku nikiamka saa tano na sijaandika hata ukurasa mmoja. Picha ile haisemi kwamba Petrucci na wenzake walitoka chuoni wakaenda moja kwa moja kwenye mazoezi.

Nikamuuliza Jumatatu asubuhi, baada ya kuacha, ataamka saa ngapi, na atafanya nini cha kwanza. Alinyamaza. Sikumlaumu, maana wakati wangu mimi hakuna aliyeniuliza.