Nguo za takataka: ni vazi ao ni kinyago?

Tangu mwaka 2015, wakati tamasha ya KinAct ilipoanza, njia za Kinshasa zimezoea kuona watu waliovaa vitu ambavyo wengine walitupa: makopo, waya za umeme, viatu vya plastiki, matairi, chupa. Wengi kati ya vijana hawa walipita katika Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa, na kundi lao linaitwa Ndaku ya La Vie est Belle. Eddy Ekete ndiye anajulikana zaidi, kwa vazi lake la makopo. Bulaya wanaita kazi yao mavazi ya kutetea mazingira. Si uongo, lakini ni nusu ya maneno, na sisi tunataka kusema ile nusu ingine.

Kwanza, hakuna mutu atavaa nguo ile kwenda ndoa. Hatuwezi kuipima kama tunavyopima sape, kwa koti na viatu. Mutu anayeficha uso, anayetoka njiani, watoto wanamukimbia kiisha wanamufuata, sisi tunamujua. Waluba na Wasongye wana kifwebe: uso wa muti, ndevu za rafia, nguo ya kusukwa inayofunika mwili muzima, na aliye ndani hatajwi jina. Basi tuulize nguo hizi maulizo ya kifwebe. Inacheza? Inalia namna gani? Nani ameingia ndani, na nani ametoka?

Kwa kipimo hicho, vazi la makopo linashinda mengi. Kila hatua linalia. Unalisikia mbele ya kuliona. (Picha, hata zile nzuri za Mufaransa Stephan Gladieu, haziwezi kutupatia sauti ile, watu wamesimama tu.) Lakini kuna nguo zingine ambazo ni muzigo. Anayevaa anatembea kama aliyebeba gunia la makala, na wewe unahesabu vitu: chupa, kamba, redio. Ukimaliza kuhesabu, njo mwisho wake.

Iliyotugusa kabisa ni ya Shaka Fumu Kabaka, yenye jina Matshozi 6 Jours. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji mufasiri. Ni watoto wa plastiki, wale wa kuchezea, waliotupwa. Vichwa, mikono na miguu yao imefunika mwili wote. Inakumbusha Juni 2000, Kisangani, wakati jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigana siku 6 katika muji usio wao, na raia mamia wakafa. Hapa usimwambie mutu habari ya usafi wa muji. Kichwa kile kiliokotwa katika takataka, lakini kinabaki kichwa cha mutoto, na kinakuangalia.

Neno moja kwa walimu wa sanaa. Katika nguo mingi tunaona waya na kamba zilizofungwa mbio mbio. Kwa Wakuba, kitambaa cha rafia kinatwangwa ili kilainike, na mara ingine kinatoboka. Tundu linazibwa kwa kiraka, na inasemekana njo kule yalianzia mapambo ya viraka ambayo leo yanawekwa ndani ya vioo katika nyumba za makumbusho. Tungependa kuona sindano ile mikononi mwa wanafunzi, mbele hawajaenda kuokota kopo la kwanza.