Kumpima Mhusika Aliyepotewa na Mpenzi

Miswada ya mapenzi inayonifikia kutoka Litein, Sotik na Bomet huwa na kasoro moja kubwa: aliyeachwa analia mno. Analia kitandani, analia ndani ya matatu, analia mvua ikinyesha. Machozi hayo mimi huyaruka nikatafuta bonasi. Bonasi ya majani chai ilipolipwa, alinunua nini? Nikikuta pesa yote imeishia kwenye mabati ya nyumba inayotazama njia aliyokuwa akipitia Chebet, mpenzi aliyemwacha, kwenda kituo cha kupimia majani, hapo natulia nisome. Huzuni imetoka kifuani, imeingia kwenye misumari na deni la mbao. Huyo mwandishi anaijua kazi.

F. Scott Fitzgerald alimjenga hivyo mhusika wake Gatsby mwaka 1925. Jumba lake lipo ng'ambo ya maji, mkabala na kwa Daisy, mpenzi wake wa zamani, na karamu zake zinamngoja mgeni huyo mmoja.

Kisha namtafuta anayelipa. Katika Great Expectations ya Charles Dickens, Bi Havisham alisimamisha saa zote za nyumba saa tatu kasoro dakika ishirini, wakati alipopata habari kwamba ameachwa siku ya arusi. Keki imeoza mezani, gauni limechakaa mwilini. Wengi hukumbuka hayo. Kwangu uhodari wa Dickens umo katika Estella, mtoto aliyelelewa avunje mioyo ya wanaume kwa niaba ya mama mlezi. Jeraha limempata mtu wa pili, ambaye hakuwepo kisa kilipotokea. Kwa hiyo nikisoma mswada namwangalia mke aliyeolewa baadaye. Kama hana jina, wala hajui kwa nini dirisha la sebuleni halifungwi, namrudishia mwandishi kazi yake.

Kipimo kigumu zaidi nilikipata hapa kwetu. Mwaka 1950, huko Kapkatet, mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis, Chemutoi Ketienya akiwemo, wakiimba habari za Chemirocha. Jina hilo limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye hawakuwahi kumwona. Walichokuwa nacho ni sauti ya kwenye santuri. Katika wimbo wao amekuwa nusu mtu, nusu paa. Hawakuwa wameachwa na mpenzi, lakini sioni mfano bora wa yanayompata mtu asiyekuwepo. Hana wa kumpogoa. Anarefuka kama mchai usiochumwa, mpaka unakuwa mti na hakuna mkono unaofikia chipukizi lake.

Mwandishi hodari huwaweka wote wawili kwenye kitabu: aliyeota kichwani na aliye hai. Fitzgerald alithubutu. Daisy anaalikwa chai nyumbani kwa Nick, jirani ya Gatsby, na Gatsby, aliyengoja miaka mitano, anababaika hadi nusura aangushe saa iliyo nyuma ya kichwa chake. Ukurasa huo mmoja unampima mhusika kuliko karamu zote.

Basi nawaomba waandishi wetu wamrudishe Chebet. Aje na kikapu, amenenepa, ana haraka, mtoto yuko mgongoni. Asimame nje ya nyumba ile aulize mabati yalinunuliwa bei gani, maana naye anataka kuezeka. Halafu nitazame mwenye nyumba anamjibu nini.