Daftari la Betri

Ukitaka kumjua fundi wa vifaa vya kielektroniki, usimtazame akishika chuma cha solda. Mtazame akishika kalamu, kabla hajaunganisha waya wa kwanza, akikadiria kifaa chake kitakula umeme kiasi gani.

Chukua kisanduku cha kupima unyevu wa udongo katika shamba la kahawa kule Ruiru, mji uliotoa jina la Ruiru 11, aina ya kahawa iliyowafikia wakulima mwaka wa 1985. Kisanduku kinakaa katikati ya mibuni, mbali na nguzo za stima. Ndani mna chipu ya ESP32, redio ndogo na betri ya miliampea-saa 2,600. Kila baada ya saa moja kinaamka kwa sekunde 5, kinapima, kinatuma habari, kinalala tena.

Nikiwa mezani pangu Thika, nafungua daftari. Kikiwa macho kinakula miliampea 120. Sekunde 5 katika 3,600 ni wastani wa miliampea 0.17. Kikilala, maikroampea 10 tu. Betri naihesabu kwa asilimia 70 ya kilichoandikwa ubavuni, maana betri huzeeka kama sisi. Jibu ni zaidi ya siku 400.

Kisha naiinamia bodi. Pembeni pana taa nyekundu, ndogo kuliko punje ya mchele, iliyowekwa kuonyesha kwamba umeme upo. Inakula miliampea 2, mchana na usiku. Nikiiacha, siku 400 zinabaki 35. Kazi yote ya kisanduku, kupima na kutuma na kulala, haifiki hata sehemu ya kumi ya chakula cha taa isiyotazamwa na mtu. Naishika kwa kibano, napasha solda, naing'oa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kusikia kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kazi hii imenifundisha kwamba haba na haba hukimaliza pia. Wala si elimu ngeni kwetu. Mama aliyeinua chupa ya mafuta ya taa dirishani, akaangalia yaliyobaki, akajua kama yatafika mwisho wa mwezi, alikuwa akifanya hesabu hii hii. Anayenunua tokeni ya stima ya shilingi mia anaifanya leo.

Ustadi wenyewe ni kutojidanganya. Maltimita ikiwekwa kwenye kipimo cha maikroampea huibana bodi inapoamka, ikazimika na kuanza upya. Asiye na subira ataandika namba ya uongo. Anayetegemea sola naye asipige hesabu kwa jua la Februari. Julai ya Thika ina mawingu tangu asubuhi, na kifaa kinaishi Julai pia.

Naipenda kazi hii kwa sababu ni heshima kwa mtu ambaye hatakuwepo mezani. Kila maikroampea ninayookoa humpunguzia mtu safari ya kupanda matatu hadi Ruiru na kutembea kwenye matope kubadilisha betri. Mzee mwenye shamba hunipigia simu mara kwa mara. Huniuliza kama udongo umekauka, kama anyunyize leo au asubiri mvua. Habari ya betri hajawahi kuniuliza.